Ganda likigoma kuingia: mwongozo kamili wa kukagua na kurekebisha maganda ya shaba kabla ya kujaza risasi upya

Mwaka wangu wa kwanza wa kujaza risasi mwenyewe hapa Texas, yaani kutengeneza risasi mpya kwa maganda yaliyokwisha kufyatuliwa, nilikaa mezani jioni tatu nikatengeneza risasi 50 za ukubwa wa .308 Winchester kwa ajili ya msimu wa kulungu. Asubuhi nilipokwenda kuzijaribu kwenye kiwanja cha shabaha, 19 kati ya hizo hazikukubali kuingia. Boliti, ule mtaimbo mfupi unaosukuma risasi ndani na kuifungia, ilikuja mbele vizuri, ikakwama pale inapotaka kushuka. Nilikuwa nimeshainua kiganja niipige, mzee aliyekaa benchi la jirani akanizuia. Aliniambia nizirudishe nyumbani, nizifumue moja moja, kisha nipake ganda tupu wino mweusi na kuliingiza taratibu. Pale wino utakapofutika, ndipo penye tatizo.

Nikafanya hivyo. Wino ulifutika begani, pale ganda linapoanza kuwa jembamba, duara zima. Sikuwa nimepima urefu wa maganda kabla ya kukaza midomo yake ishike vichwa vya risasi, kwa hiyo yale marefu yalikandamizwa kupita kiasi na mabega yakavimba kidogo, kiasi ambacho jicho halikioni. Boliti ilikiona.

Tangu siku hiyo nina jambo moja ninalomwambia kila anayeniuliza: ganda linalogoma usililazimishe, tafuta kwanza linagusa wapi. Ndani ya risasi ni ganda peke yake linalotumika tena na tena, na kila kosa la bunduki, la dai (chuma cha kubania ganda) au la mkono wako huacha alama juu yake. Ukijua kuzisoma alama hizo, shida nyingi utazikuta kwenye meza yako kabla hazijafika kwenye chemba, yaani nafasi ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi.

Kabla hujagusa chochote

Hapa Marekani sheria ya shirikisho haidai leseni kwa mtu anayejaza risasi za matumizi yake mwenyewe, lakini ukitengeneza za kuuza lazima uwe na leseni. Majimbo nayo yana sheria zake, ziulizie. Tanzania na Kenya kutengeneza risasi bila kibali ni kosa la jinai, kwa hiyo msomaji wa huko asichukue maelezo haya kama ruhusa.

Sitataja kipimo chochote cha baruti. Hicho kisomwe kwenye kitabu cha kampuni iliyotengeneza baruti yako au kichwa chako cha risasi, tena toleo jipya. Mimi nazungumzia ganda tupu tu.

Vaa miwani ya kukinga macho. Masizi ya fataki, kile kidonge cha kitakoni kinachowasha baruti, yana madini ya risasi, yaani ledi, ambayo ni sumu inayojikusanya mwilini. Usisafishie maganda jikoni, usitumie sufuria wala chujio litakalorudi kwenye chakula, na nawa mikono kabla ya kushika mtoto au kula. Na chemba usiijaribu nyumbani kwa risasi yenye fataki na baruti. Tumia ganda tupu, au risasi ya mfano isiyo na vyote viwili.

Majina nitakayotumia

Mdomo ni pale kichwa cha risasi kinapoingilia. Chini yake ni shingo, halafu bega, yaani ule mteremko, halafu tumbo, halafu kitako chenye chapa ya mtengenezaji. Katikati ya kitako kuna tundu la fataki, na ndani yake kitundu cha moto kinachopeleka cheche kwenye baruti. Dai ni kile chuma kigumu kinachofungwa juu ya presi; ganda husukumwa ndani yake likabanwa kurudi umbo lake.

Shaba yenyewe ina tabia

Maganda mengi hutengenezwa kwa mchanganyiko wa asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Sifa yake kubwa ni kutanuka na kurudi. Risasi inapofyatuka, ganda hutanuka likaziba chemba, kisha hunywea kidogo ili liweze kutolewa. Kila linapotanuka na kubanwa, shaba hukakamaa. Ikikakamaa sana huanza kurudi nyuma kila unapoibana, kama mlango wenye springi, na mwishowe hupasuka shingoni.

Adui mwingine ni amonia. Zama za utawala wa Waingereza nchini India, maganda ya risasi za jeshi yaliyowekwa karibu na mazizi ya farasi yalikuwa yakipasuka yenyewe wakati wa mvua za masika, hakuna aliyeyagusa. Mwaka 1921 wataalamu wa metali walieleza sababu: amonia iliyotoka kwenye mkojo wa farasi ilikuwa ikiishambulia shaba iliyobaki na mkazo ndani yake. Ndiyo maana dawa yoyote ya kung'arisha yenye amonia isikaribie maganda yako, hata kama inaiacha shaba iking'aa kama pete ya bibi harusi.

Hatua ya 1: Chambua

Kama umeokota maganda kiwanjani, yatenge kwa ukubwa, halafu kwa chapa ya kitako. Pitisha sumaku juu yake. Yatakayoruka ni ya chuma yaliyopakwa rangi ya shaba, yaondoe. Ya alumini nayo yaondoe, hayakutengenezwa kurudiwa.

Mulika tochi ndani. Ukiona kitundu kimoja cha moto katikati, hiyo ni fataki ya aina ya Boxer, na ndiyo tunayoifanyia kazi. Ukiona viwili vidogo pembeni, ni aina ya Berdan, na ukiliingiza kwenye dai la kawaida utavunja sindano ya kutolea fataki.

Kwenye maganda ya bastola uwe mwangalifu zaidi. La .380 ACP lina urefu wa mm 17.27 hivi na la 9 mm lina 19.15, na kwenye ndoo hufanana kama mapacha. Maganda ya .45 ACP nayo yako yenye tundu kubwa la fataki na yenye tundu dogo. Yale ya 9 mm yenye ngazi kwa ndani, utaiona ukimulika, mimi huyatupa, kwa sababu yanajulikana kukatika pale penye ngazi.

Kutenga kwa chapa kuna sababu. Ganda lenye kuta nene lina nafasi ndogo ndani, na kipimo kilekile cha baruti kikiwekwa kwenye nafasi ndogo shinikizo hupanda. Maganda mengi ya kijeshi ya .308 ni mazito kuliko ya kiraia, kwa hiyo usiyachanganye kwenye boksi moja.

Hatua ya 2: Osha, kisha sikiliza

Mashine ya kutikisa yenye unga wa magunzi ya mahindi au wa maganda ya tunda la jozi inatosha kabisa. Kuna wanaopenda ile ya maji yenye vipini vya chuma. Inang'arisha hadi ndani ya tundu la fataki, lakini ukiiacha izunguke saa nyingi midomo ya maganda hugongana na kukunjika ukingo, na vipini vinaweza kubaki ndani. Ukitumia maji ya siki au ya limau, iwe dakika chache tu kisha suuza sana. Shaba ikigeuka rangi ya waridi, asidi imeanza kula zinki.

Yakikauka, chukua manne au matano kiganjani uyatikise. Mama zetu sokoni hugonga chungu kwa kidole kabla ya kukinunua, na chungu chenye ufa hutoa sauti iliyokufa. Ganda lenye ufa ni vivyo hivyo. Mengine yatalia ting, lile moja litalia kama limefunikwa na kitambaa. Lichomoe ulichunguze shingo. Ufa wa shingo hautengenezeki, hata uwe mdogo kama unywele.

Angalia pia mbonyeo. Mdomo uliobonyea kidogo utanyooshwa na dai. Mbonyeo laini tumboni usio na kona hutanuka wenyewe risasi ikifyatuliwa. Lakini mkunjo wenye makali, kama karatasi iliyokunjwa na kukandamizwa kwa ukucha, tupa.

Hatua ya 3: Tafuta utepe juu ya kitako

Hii ndiyo kasoro ninayoiogopa kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi. Kiasi cha milimita 8 hivi juu ya kitako, ukuta mnene wa chini hukutana na ukuta mwembamba wa tumbo. Ganda likivutwa mara kwa mara hukondea hapo, na siku moja hukatika vipande viwili: kitako hutoka, tumbo hubaki ndani ya chemba, na gesi yenye moto mkali hutafuta njia ya kutokea. Njia hiyo inaweza kuwa usoni mwako.

Kwa nje huonekana kama utepe mwembamba unaong'aa kulizunguka ganda. Ila dai nalo huacha mstari wa mkwaruzo karibu na hapo, na mtu mgeni huweza kuvichanganya. Kinachokata shauri ni waya. Chukua kibanio cha karatasi, kinyooshe, kunja ncha yake milimita mbili kuwa ndoana na uichonge iwe kali. Ishushe hadi chini ndani ya ganda, ikandamize ukutani, uivute juu polepole. Ukutani penye afya ncha hupanda laini. Penye ufa unaoanza, huanguka kwenye mfereji. Ukiusikia mfereji hata mara moja, ganda hilo limekwisha.

Kama huamini kidole chako, chukua moja unalolishuku ulikate kwa msumeno wa chuma kutoka mdomoni hadi kitakoni. Ukishaona mfereji huo kwa macho, hutahitaji kuambiwa tena.

Na ukilikuta moja, kagua kundi zima. Sababu yake mara nyingi ni moja: dai limeshushwa mno, linasukuma bega nyuma kupita haja kila unapobana. Ndiyo habari ya hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Panga dai kwa kipimo

Maelekezo yanayokuja na dai mara nyingi husema ulizungushe mpaka liguse kishikio cha ganda kilicho juu ya mkono wa presi, kisha uongeze kidogo. Maelekezo hayo yamelenga risasi ziingie kwenye bunduki yoyote. Bunduki yako ni moja, na chemba yake ina kipimo chake.

Utahitaji kalipa ya dijitali na kipimo cha bega, kifaa kidogo kinachofungwa kwenye kalipa na kukaa katikati ya mteremko wa bega. Chukua maganda matano yaliyofyatuliwa kwenye bunduki hiyohiyo. Toa fataki kwanza, maana fataki iliyojitokeza hata kidogo itakudanganya. Pima kutoka kitakoni hadi begani, andika zote. Tuseme kubwa kuliko zote ni mm 41.45.

Kwa bunduki ya boliti, lengo ni kulirudisha bega nyuma kwa mm 0.03 hadi 0.05. Kwa bunduki inayojijaza yenyewe, mm 0.08 hadi 0.13, kwa sababu haina mkono wako wa kuisaidia kufunga. Kwa mfano wetu wa boliti, basi, tunatafuta 41.40.

Anza dai likiwa juu, mbali na kishikio. Paka ganda mafuta, libane, lifute, lipime. Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa: badala ya kupungua, kipimo kinaongezeka! Huenda ukasoma 41.50. Hujakosea. Dai limeanza kulibana tumbo kabla halijaligusa bega, na shaba ikibanwa ubavuni haina pa kwenda ila juu. Ganda lililobanwa nusunusu namna hii huwa refu kuliko lilivyotoka kwenye chemba, na litagoma kuingia ingawa wewe unaamini umelibana. Risasi nyingi zinazokataa kufungwa kwa boliti chanzo chake ni hiki.

Endelea kulishusha dai kidogo kidogo. Dai la kawaida lina meno 14 kwa inchi, yaani mzunguko mmoja mzima hulishusha mm 1.81. Kwa hesabu hiyo nyuzi 10 za mzunguko ni mm 0.05. Chora mstari kwa kalamu juu ya dai na mwingine kwenye presi, uone unazungusha kiasi gani. Kila ukizungusha, bana ganda jingine kati ya yale matano, pima. Ukifika 41.40, kaza nati, bana mengine mawili kuhakikisha, maana nati yenyewe ikikazwa huweza kulihamisha dai.

Mambo mawili huharibu kipimo hata baada ya kupanga vizuri. La kwanza ni gololi ya shingo, ile inayopita ndani ya mdomo wakati ganda linashuka. Shingo ikiwa kavu kwa ndani, gololi huikwaruza na kuivuta, na bega hupanda nayo. Ukisikia presi inalia au mkono unakuwa mzito wakati wa kurudi, pitisha brashi yenye mafuta kidogo ndani ya shingo. La pili ni shaba iliyokakamaa, inayobanwa na kurudi. Ikiwa maganda ya kundi moja yanatoa vipimo vinavyorukaruka, moja 41.38 na jingine 41.46, acha kulisumbua dai. Yanahitaji moto, nitaueleza mbele.

Kuhusu mafuta ya kubania, kosa la pande zote mbili lina gharama. Yakipungua, ganda hunasa ndani ya dai na kulitoa ni kazi ya kutoboa na kukata hesi. Yakizidi, hujikusanya penye bega na kulibonyeza vijishimo. Paka tumbo, usipake bega. Ukimaliza, futa yote. Ganda lenye mafuta halishiki kuta za chemba linapotanuka, mzigo wote huenda kwenye boliti, na mafuta yakiingia kwenye fataki huiua.

Hatua ya 5: Urefu, baada ya kubana

Pima urefu mzima baada ya kubana, kwa kuwa kubana hurefusha. Ganda la .308 lisizidi mm 51.18, na likikatwa hurudishwa kwenye 50.93. La .223 Remington mwisho ni 44.70, hukatwa hadi 44.45. La .30-06 mwisho ni 63.35.

Sababu ya ukali huu si usafi wa kazi tu. Ganda likizidi, mdomo wake huingia pale chemba inapoanza kuwa mtutu, na hapo hubanwa kukikumbatia kichwa cha risasi. Risasi ikifyatuliwa mdomo hauna pa kutanukia, kichwa hakiachiliwi kwa wakati, na shinikizo hupanda mno. Boliti inaweza hata kufungika kwa uzito mdogo tu, ukadhani ni vumbi.

Ukishakata, para ukingo wa ndani na wa nje kwa mkono mwepesi. Unaondoa ukali tu. Mdomo ukichongwa kuwa kisu hupasuka mapema.

Hatua ya 6: Tundu la fataki

Safisha masizi. Maganda mengi ya kijeshi, ya 5.56 na 7.62 za NATO, yana ukingo uliokunjwa kuizuia fataki isitoke. Usipouondoa, fataki mpya itaingia kwa shida, itapinda, au itabaki imejitokeza. Uondoe kwa kifaa cha kusukuma au cha kukata, ila cha kukata kitumie kwa kiasi. Ukikata sana, tundu halitaishika fataki.

Fataki ikishakaa iwe chini ya uso wa kitako kwa mm 0.08 hadi 0.13. Pitisha kidole juu yake, usikie bonde dogo. Ukisikia kilima, hiyo haifai. Kwenye bunduki inayojijaza, hasa zile ambazo pini yake ya kupiga fataki huelea bila springi kama M1 Garand, fataki iliyojitokeza inaweza kulipuka boliti inapofunga, kabla hujagusa kifyatulio. Na usijaribu kuikandamiza zaidi kwenye risasi iliyokwisha kujazwa baruti, fumua kwanza.

Mkono wako ndio kipimo bora cha ulegevu. Fataki iingie kwa kubishana kidogo. Ikiteleza kama mguu kwenye kandambili iliyochakaa, ganda hilo limetanuka kitakoni na haliwezi kurudi. Likiwa limetumika mara kumi, sawa, limezeeka. Likiwa limetumika mara mbili tu, tatizo liko kwenye kiasi cha baruti. Acha kutumia mchanganyiko huo na urudi kitabuni.

Hatua ya 7: Shingo, na moto

Shingo inatakiwa iwe nyembamba kuliko kichwa cha risasi kwa mm 0.05 hadi 0.08. Kwa .308, kichwa kina mm 7.82, basi ndani ya shingo iwe kati ya 7.74 na 7.77. Jaribio lake ni rahisi: kalisha kichwa kwenye ganda lisilo na fataki wala baruti, likandamize kwa dole gumba juu ya ubao wa meza. Kikizama, shingo haijashika. Kichwa kinachozama ndani wakati bunduki inajijaza hupunguza nafasi ya baruti na kupandisha shinikizo.

Baada ya kufyatuliwa mara tatu hadi tano, mimi hulainisha shingo kwa moto. Fataki lazima iwe imetolewa. Chumba kiwe na mwanga hafifu, mlango wazi. Zungusha ganda taratibu mbele ya ulimi wa tochi ya gesi, moto uguse shingo na bega peke yake, kwa sekunde chache. Watu husubiri mpaka shingo iwake nyekundu kabisa, nami nasema hapo wamepitiliza. Shingo hubaki laini kama bati na haishiki tena. Njia ya kuaminika ni rangi maalumu inayoyeyuka kwa joto linalojulikana. Paka ya nyuzi 400 za Selsiasi hivi ndani ya shingo, na ya nyuzi 230 hadi 250 nje ya tumbo chini ya bega. Ya shingoni iyeyuke, ya tumboni isiyeyuke.

Kulitosa ganda kwenye maji baadaye hakuligumishi kama kunavyogumisha chuma. Kunasimamisha tu joto lisisafiri kushuka. Kitako ndicho kinachobeba shinikizo lote, na kitako kikilainika ganda limekuwa hatari. Kwa sababu hiyo usithubutu kuyaweka maganda kwenye tanuri la jikoni, hata kama umeona mtu akifanya hivyo.

Bado linagoma? Paka wino

Chukua ganda tupu, lililobanwa na kukatwa. Toa pini na springi ya kutolea ganda kwenye boliti kama unajua kuifungua, ili mkono usikie ganda peke yake. Lipake wino mweusi wote, liache likauke, liingize, funga boliti kwa vidole viwili hadi ligome, litoe.

Wino umefutika begani: ama dai halijashuka vya kutosha, ama gololi imelivuta bega, ama, kama umeshakalisha kichwa na kukaza mdomo, umelivimbisha. Ndicho kilichonipata mimi. Kalisha kichwa kwanza kwa hatua yake, kisha kaza mdomo kwa hatua nyingine, na maganda yote yawe ya urefu mmoja. Kwa bunduki ya boliti ya ukubwa wa kawaida, mimi siku hizi sikazi kabisa.

Umefutika mdomoni tu: refu mno. Kata.

Umefutika pembeni ya shingo: ukuta wa shingo ni mnene. Hutokea sana kwa maganda yaliyobadilishwa ukubwa, kama .300 Blackout yanayotengenezwa kwa kukata .223, sehemu iliyokuwa tumbo imegeuka shingo, na kwa baadhi ya chapa ni nene kuliko chemba inavyoruhusu. Pima kwa maikromita, tumia chapa nyingine au chonga shingo.

Umefutika chini, karibu na kitako: ganda lilifyatuliwa kwenye chemba pana kuliko yako, na dai la kawaida halifiki chini kabisa. Pima kipenyo hapo, kwa .308 kisizidi mm 11.96. Dai lenye tako dogo, yaani linalobana zaidi sehemu ya chini, litasaidia. Kama halisaidii, liache.

Haujafutika popote na bado boliti ni nzito: angalia ukingo wa kitako. Huenda mkwaruzo wa kitolea ganda umeacha kinundu. Na iangalie chemba yenyewe, mara nyingine ni uchafu mtupu.

Bastola, na maganda yenye mkanda

Ganda la bastola lisilo na bega, kama 9 mm au .45 ACP, husimama kwenye chemba kwa mdomo wake. Mdomo ukikazwa sana huteleza ndani zaidi ya inavyopaswa. Toa mtutu kwenye bastola, udondoshe ndani yake risasi ya mfano: iingie yenyewe kwa mlio mfupi, izunguke, na ukiugeuza mtutu idondoke.

Maganda yenye mkanda, kama .375 H&H ya mwaka 1912 ambayo wawindaji wa safari Afrika Mashariki wanaijua vizuri, husimama kwa mkanda wake wa juu ya kitako. Bega huachwa likiwa na nafasi kubwa, na kwa hiyo hunyooka sana mara ya kwanza tu kufyatuliwa, hasa pale mbele ya mkanda. Wewe lipimie bega kama ulivyopima .308, uache mkanda usiwe na kazi, na waya wa hatua ya 3 uupitishe kila mara.

Kuyatupa

Kila boksi langu lina karatasi: chapa, bunduki, limefyatuliwa mara ngapi, lini lilipitishwa motoni, na kipimo cha bega. Ganda moja likipasuka shingo, naandika. Yakifika matatu kwenye boksi la 50, naliondoa boksi zima.

Ganda nililolikataa silirudishi kwenye ndoo wala silitupi zima, kwa kuwa kuna mtu ataliokota akadhani ni zima. Nalibana mdomo kwa koleo mpaka ulale bapa, kisha naliweka kwenye debe la vyuma chakavu.